Mkwe Asiyeteleza

8 Desemba

Lifti za kupandisha watelezaji mlimani zimefunguliwa leo, siku ya sikukuu ya Bikira Maria, kama kila mwaka. Kutoka kijijini hadi katikati ya mlima theluji ni ya kutengenezwa na mashine. Kutoka hapo kwenda juu ni ya Mungu. Nilikaa dirishani nikiwatazama watu wa kwanza wakishuka kwa kuyumbayumba, kama ng'ombe waliofunguliwa zizini baada ya miezi mingi.

Nevio amefika kwa basi la mchana, na sanduku moja na ndoo ya kome, wale chaza weusi, waliofunikwa barafu. Milia, binti yangu, alimkumbatia pale pale barabarani, majirani wakitazama. Ana miaka arobaini na sita, sina la kumwambia.

Niandike mambo yalivyo, ili nisije nikajidanganya baadaye. Nyumba hii ya wageni, yenye vyumba sita, aliianzisha marehemu mke wangu, na sasa Milia ndiye anayeiendesha. Mimi nilifundisha jiografia katika shule ya bonde hili mpaka nilipostaafu. Kazi yangu siku hizi ni kuwaelezea wageni ramani ya mlima kila jioni, watake wasitake. Nevio, mchumba wa Milia, anatoka kule mto Po unakoingia baharini, ambako yeye na kaka yake wana mashua ya kuvuna kome. Amekuja kukaa nasi majira haya ya baridi, aone kama anaweza kuishi milimani. Pasaka wataamua. Milia ameniambia waziwazi: "Baba, akishindwa kukaa hapa, nitamfuata kwao. Nyumba tutaifunga." Nami nitahamia mjini Bolzano kwa mwanangu Egon, kwenye fleti ya ghorofa ya tano inayotazama maegesho ya magari.

Mezani nilimuuliza, "Unateleza kwenye theluji?"

"Kwenye matope tu, Mwalimu."

Milia alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba kwetu hapa mtu asiyeteleza ni mgeni, hata akikaa miaka ishirini.

"Basi nitajifunza," akasema.

"Nitakufundisha mimi."

10 Desemba

Mawingu. Tumeazima viatu na skii, zile mbao za kutelezea, kwa jirani. Nevio ana miguu mikubwa.

12 Desemba

Somo la kwanza, kwenye kijimteremko cha watoto. Zamani kila mwalimu wa bonde hili alifundisha darasani asubuhi na mlimani wakati wa likizo, kwa hiyo kazi hii naijua. Nilimweleza Nevio kwamba mwili wa binadamu ukiogopa huegemea nyuma, na skii zikiegemewa nyuma hazitii tena. Kwa hiyo, huku ukiogopa, uegemee mbele, kule kule unakoogopa. Ndiyo elimu yote. Yanayobaki ni mazoezi.

"Mwalimu," akasema, "mashua yangu haina breki na sijawahi kugonga kitu."

"Mashua yako haiko kwenye mteremko."

"Hilo ndilo ninalojaribu kusema."

Breki tunawafundisha wanaoanza hivi: ncha za skii zikaribiane, visigino viachane, umbo liwe kama kipande cha piza. Kibinti cha miaka mitano kilimpita Nevio akiwa amelala chali, kikampigia kelele: "Babu, fanya piza!"

16 Desemba

Ameanguka.

17 Desemba

Ameanguka.

19 Desemba

Ameanguka, lakini baada ya kukata kona mbili nzuri. Nilimpigia makofi. Alinitazama kama mtu aliyepongezwa kwa kung'olewa jino.

28 Desemba

Jumamosi, siku ya kubadilisha wageni. Wa Krismasi wametoka asubuhi, wa mwaka mpya wameingia mchana, na katikati kuna saa chache za kubadili mashuka ya nyumba nzima. Miongoni mwa walioingia ni Bwana Ermes wa Modena, anayeuza vipuri vya matrekta, na mkewe Bi Loredana, na mjukuu wao Agnese. Wamekuja kwa ile likizo ambayo watu wa tambarare huiita wiki nyeupe. Bwana Ermes amekuwa akija tangu mke wangu alipokuwa hai, na anajiona nusu mwenyeji.

"Kumbe ndiye huyu!" akasema alipomwona Nevio akiteremka na furushi la mashuka. "Samaki nje ya maji! Wanasema mlimani unashuka kwa makalio."

"Bwana Ermes," Nevio akajibu, "samaki angekuwa ameshafika chini."

Walicheka wote mpaka Bi Loredana akalowesha miwani. Jioni Agnese alilia kwamba viatu vya skii vinamuuma, kesho haendi popote. Babu yake alimwambia ajikaze. Nevio alivichukua viatu, akaviweka karibu na jiko, akaingiza mkono ndani taratibu kama anayetafuta kitu matopeni, akagundua kitambaa cha ndani kimekunjika kisiginoni. Akakinyoosha. Kisha akakaa jikoni kumenya viazi pamoja na mtoto.

Mlaini, niliwaza. Mwanamume wa kukaa jikoni. Mlima hautamtaka.

31 Desemba

Fataki. Sikulala.

7 Januari

Wageni wameondoka, nyumba kimya. Hizi ni wiki zetu za kupumua mpaka likizo za Februari. Goti langu la kushoto limevimba. Nimelifunga kitambaa chini ya suruali, sikumwambia mtu, kwa sababu mwalimu akilala mwanafunzi naye atalala.

15 Januari

Nevio alikuwa akizungumza na kaka yake kwenye simu, uani, akipiga theluji mateke. Sikutega sikio, lakini sauti ya mtu wa baharini haina siri. Kuna kijana anayetaka kuchukua nafasi yake kwenye mashua. Kaka anahitaji jibu kabla ya Pasaka: anarudi au harudi.

"Subiri kidogo," Nevio alisema. "Bado nasoma."

Nikajua kwamba kila kitu sasa kiko mikononi mwangu. Akijua kuteleza atakaa. Asipojua atakwenda, na Milia atakwenda naye. Nimeongeza masomo kutoka matatu kwa wiki hadi matano.

24 Januari

Leo ameshuka kutoka katikati ya mlima bila kuanguka. Mtindo hana, lakini amefika. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikamsimulia Milia kona moja baada ya nyingine. Alinisikiliza huku akikanda unga.

"Baba, umewahi kumwona akitabasamu huko juu?"

"Anavaa miwani ya theluji."

"Mdomo hauvai miwani."

Nilimwambia kwamba furaha huja baada ya ujuzi, si kabla yake. Akaupiga unga kofi.

3 Februari

Theluji usiku kucha. Paa la zizi la jirani limelalamika.

8 Februari

Jumamosi. Nyumba imejaa tena. Nimewaelezea wageni ule mzunguko mkubwa: kwamba mlima wetu umezungukwa na mabonde manne, kwamba lifti na miteremko vimeyaunganisha yote kama shanga, kwamba mtu anaweza kutoka mlangoni kwetu asubuhi, akauzunguka mlima mzima na kurudi kwa chai ya jioni. Vibao vya rangi ya chungwa ukienda upande huu, vya kijani ukienda ule. Na sheria moja: usichelewe. Lifti zikifungwa ukiwa bonde lisilo lako, mlima mzima unasimama kati yako na kitanda chako. Mimi husema maneno haya kila jioni, na kila mwaka kuna mgeni mmoja asiyesikia.

11 Februari

Naandika haya nikiwa Canazei, bonde la upande wa pili, kwenye karatasi za kuazima. Nitazibandika nikifika nyumbani, kama tutafika.

Nilimwambia Nevio leo ndiyo siku ya mtihani: mzunguko mzima. Milia alitutazama tukivaa viatu. "Wametabiri upepo mchana, Baba." Nikamjibu kwamba mchana tutakuwa tumeshapita nusu.

Na tungekuwa tumepita. Nevio alishuka polepole, piza baada ya piza, bila kulalamika. Tulivuka bonde la kwanza vizuri. Halafu tulipofika juu, mahali barabara inapokatiza chini ya ukuta mkubwa wa mwamba, jua likatokea kidogo, nami nikasimama kumwonyesha. Nilimweleza kwamba ukuta ule wote ulikuwa chini ya bahari. Kwamba umejengwa na wadudu wa matumbawe na makombe ya baharini, tabaka juu ya tabaka, kabla ya kuwapo binadamu yeyote wa kuuona. Kwamba ukitafuta vizuri kwenye kifusi utapata kombe ndani ya jiwe.

Nevio alivua miwani. "Hii ilikuwa bahari?"

"Ya joto. Kina chake kifupi."

"Kama kwetu." Akaanza kuuliza. Maji yalitoka wapi, yalikwenda wapi, makombe yalikuwa ya aina gani. Tangu Desemba hakuwahi kuniuliza swali hata moja kwa hamu namna ile, na mimi nikiulizwa sijui kunyamaza. Tukala mkate wetu pale pale. Nikachora kwa fimbo kwenye theluji. Nilipoinua kichwa ukuta ulikuwa umepotea ndani ya wingu.

Tuliposhuka hadi lifti ya Canazei, viti vilikuwa vinabembea tupu na kijana wa zamu alikuwa ameshafunga mnyororo.

"Upepo, wazee. Leo basi."

"Na lifti ya kurudi tulikotoka?"

"Nayo basi. Barabara za juu zimefungwa pia, theluji imezidi." Akatutazama kwa huruma. "Mwenye nyumba mnakolala hakuwaambia msichelewe?"

"Mwenye nyumba ni mimi," nikasema.

Nevio aligeuka upande mwingine. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Tukabeba skii begani hadi kwa Tita, mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye nilisoma naye chuo na kubishana naye kwenye mikutano ya walimu maisha yetu yote. Alifungua mlango, akatutazama tulivyolowa, akamwita mkewe aliyekuwa ndani: "Maria Pia! Njoo uone! Mtu wa ramani amepotea!"

"Sikupotea. Najua hasa nilipo."

"Ndiyo, uko kwangu! Ingia, ingia. Huyu naye ni mkwe?"

"Bado," akasema Nevio. "Nipo kwenye mtihani."

Nilimpigia Milia simu. Akauliza kwanza: "Mko hai wote wawili?" Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Basi kaeni huko huko," akakata.

Maria Pia alituwekea supu ya shayiri na mkate mgumu. Nilipokaa nikashindwa kukunja goti. Nililinyoosha pembeni, na Nevio akaona kitambaa kimechomoza chini ya suruali.

"Mwalimu, hilo goti tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na umekuwa ukinipeleka juu mara tano kwa wiki?"

"Ulikuwa unajifunza."

Akaweka kijiko chini.

"Mwalimu, mimi naogopa. Si kidogo. Kila asubuhi kabla hatujapanda natapika. Milia anafikiri ni kahawa yenu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulisema siku ya kwanza. Mtu asiyeteleza ni mgeni, hata akikaa miaka ishirini. Nikasema, basi, nitateleza, hata kama nitakufa, ili mzee huyu asinihesabu mgeni katika nyumba yake."

Tita, ambaye hupinga kila neno, alimkatia kipande cha mkate.

Nilimweleza Nevio yaliyo kweli. Kwamba nilikuwa nikipanda kwa ajili yake. Kwamba kama si yeye ningekuwa nimekaa karibu na jiko tangu Desemba na kitabu changu. Kwamba upepo wa juu unaniumiza meno, na kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikipenda kuutazama mlima kuliko kuupanda, ila sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hapa kwetu kusema hivyo ni kama padri kusema amechoka na misa.

"Kwa hiyo," Nevio akasema taratibu, "wewe hutaki kuteleza."

"Sitaki."

"Na mimi sitaki."

"Na mmezunguka nusu ya mlima," akasema Tita, "kwa upepo huu."

Maria Pia ndiye aliyeanza kucheka. Kisha sote. Nevio alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, na nilipomtazama nikaona ni mara ya kwanza tangu aje kwetu naona mabega yake yameshuka yakakaa mahali pake. Nami nilikula bakuli la pili, na nilipomaliza nilihisi mwepesi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

12 Februari

Barabara za juu bado zimefungwa. Tumerudi kwa mabasi, kwa njia ndefu ya chini kupitia Bolzano. Basi lilipita karibu na kwa Egon. Nevio akaniuliza ni jengo lipi. Nikamwonyesha. Alilitazama mpaka likapotea nyuma ya mengine.

Milia alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Skii ziko wapi?"

"Tumeziacha kwa Tita," nikasema.

"Mtazifuata lini?"

"Hatutazifuata," akasema Nevio.

Milia alimtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye. "Kumbe ilibidi mvuke ule mlima wote mpaka upande wa pili ndipo akili ziwarudie," akasema. Akaingia ndani. Nilimsikia jikoni akiimba.

14 Februari

Goti linapungua. Nevio anakula asubuhi, na anakula sana.

20 Februari

Ninamtazama Nevio kwa macho mengine, au labda sasa ndiyo ninamtazama. Watoto wa wageni wanamfuata kila aendako. Amejenga rafu ya kukaushia viatu karibu na tangi la maji moto, kila kiatu na mahali pake, na asubuhi hakuna tena kilio mlangoni. Ijumaa iliyopita alipika mikunga, samaki warefu kama nyoka, kwa nyanya, na familia moja ya Wacheki iliyosema haili samaki imefuta sahani kwa mkate. Mke wangu angempenda. Nimeona vigumu kuandika sentensi hii, lakini ni kweli, basi ibaki.

27 Februari

Nilifikiri mambo yamekwisha. Kumbe mtu aliyefunguliwa anaweza pia kwenda zake. Kaka yake amepiga simu tena. Nevio anasema hawezi kumjibu kwa simu, ni lazima waonane, wakae kwenye mashua, wazungumze.

Nilimfuata Milia ghalani. "Mwambie abaki."

"Simwambii. Nawe usimwambie."

"Na akibaki huko?"

"Nimeshakueleza, Baba. Nitakwenda." Akanishika kola, akaiweka sawa. "Ulimlazimisha apande. Usimlazimishe tena akae."

6 Machi

Nevio ameondoka kwa basi la asubuhi na sanduku lake. Hakuacha kitu. Kituoni nilikuwa na mengi ya kueleza, na kwa mara ya kwanza sikuyaeleza. Nilimpa mkono tu.

"Mwalimu, litunze goti," akasema.

8 Machi

Jumamosi. Mashuka nimebadilisha mimi na Milia. Mgeni mmoja mdogo aliuliza, "Yule mjomba wa viatu yuko wapi?" Milia akamwambia ameenda kuona bahari.

11 Machi

Jua. Theluji ni laini, inatoa maji. Hajapiga simu.

13 Machi

Hajapiga.

16 Machi

Amepiga, wamezungumza na Milia. Sikutega sikio. Ningetega, ila walizungumza kwa sauti ya chini.

18 Machi

Nimepanga vitabu vyangu katika mafungu mawili: vya kwenda Bolzano na vya kuachwa. Egon ana rafu moja tu. Fungu la pili likawa kubwa, nikavichanganya tena nikavirudisha.

22 Machi

Jumamosi, na mbaya kuliko zote. Wageni wa kutoka wamechelewa kutoka, wa kuingia wamewahi, mashine ya kufulia imesimama imejaa maji, na Milia anapanda na kushuka ngazi bila kumtazama mtu. Nilikuwa chumba namba nne nikipigana na shuka la mfarishi nilipoona ncha ya upande wa pili imeinuka yenyewe.

"Vuta, Mwalimu," akasema Nevio.

Alikuwa bado na koti na matope kwenye viatu. Tukavuta. Tukakunja pembe. Tukahamia chumba namba tano.

"Kaka yako amesemaje?" nikauliza, huku nikitazama mto.

"Aliniuliza kama nimejifunza kuteleza. Nikamwambia nimefukuzwa shule." Akaukung'uta mto, akauweka mahali pake. "Yule kijana ameanza kazi Jumatatu. Anajua kome kuliko mimi."

Nilikaa kitandani, juu ya shuka safi, jambo ambalo Milia haliruhusu kwa mtu yeyote. Nevio akakaa kando yangu. Tukakaa hivyo mpaka tuliposikia Milia akipanda ngazi, ndipo tukasimama wote wawili haraka kama wezi.

6 Aprili

Lifti zimefungwa leo. Mvua inanyesha juu ya theluji na mteremko wa watoto umetokeza majani.

Wageni wa mwisho wameondoka asubuhi. Mchana simu ililia barazani, nami nilikuwa nimekaa karibu na jiko, mguu juu ya kigoda. Milia alipokea. Alikuwa Bwana Ermes, ambaye huweka vyumba vya mwaka unaofuata kabla hajala mwanakondoo wa Pasaka. Ana sauti kubwa, nilimsikia kutoka nilipo: amesikia habari kwamba nyumba inafungwa, ni kweli? Aende kutafuta pengine?

"Usitafute popote," Milia akasema. "Krismasi tutakuwepo. Mimi, Baba na Nevio." Akasikiliza kidogo. "Hapana, Bwana Ermes, hawatateleza nawe. Hakuna hata mmoja. Watakusubiri na supu."